Sifa na Heshima ya Mrushaji

Sifa na heshima ni ndugu wawili, lakini si mapacha. Sifa hutoka kinywani mwa watu, na yaweza kuzaliwa kwa siku moja. Heshima hutoka moyoni mwao, na aghalabu hukawia. Mtu aweza kusifiwa na adui zake kwa nguvu zake, na asiheshimiwe na rafiki zake kwa mwendo wake. Apatapo vyote viwili, watu hufurahi. Apatapo kimoja akanyimwa cha pili, watu hugombana. Insha hii ni habari ya ugomvi wa namna hiyo. Wamarekani wamebishana kwa miaka mingi juu ya mrushaji wa besiboli aitwaye Roger Clemens: je, anastahili kuwekwa katika Jumba la Sifa la mchezo wao, au hastahili? Yamkini msomaji wangu atauliza mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na ugomvi wa watu wa mbali. Nitalijibu swali hilo kwa kweli, ingawa jibu lenyewe halinipendezi, maana ndani yake mna kosa langu mwenyewe.

Katika mwaka wa masomo ulioanza 2012 na kwisha 2013 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la New York. Majira ya baridi ya huko ni marefu, na mgeni asiye na jamaa hujifunza kukaa na watu katika mazungumzo yo yote anayoyakuta. Mwenyeji wangu, mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika maktaba ya chuo, alikuwa na mazungumzo ya namna moja tu, nayo yalikuwa besiboli. Alinifundisha mchezo huo kama mimi nilivyowafundisha wanafunzi wangu ngeli za majina: kwa subira na kwa marudio mengi. Aliniita Mwalimu, neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza kwangu, nami nikamwita Mzee, akalipenda jina hilo alipojua maana yake.

Mrushaji wa besiboli husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo katikati ya kiwanja. Mbele yake, umbali wa mita 18 na kitu, husimama mpigaji mwenye gongo la mti. Mrushaji hurusha, mpigaji hujaribu kupiga, akishindwa mara tatu, hutoka. Mtu aliyepata kutazama kriketi Unguja au Dar es Salaam ataelewa nusu ya mchezo huo kwa siku moja, na nusu ya pili itamsumbua mwezi mzima. Lakini jambo moja halihitaji mwalimu. Ingawa kiwanja kimejaa wachezaji, vita yenyewe ni ya watu wawili, na mwenye mpira mkononi ndiye aliye peke yake kuliko wote. Akishinda, kila mtu humwona. Akishindwa, hana mahali pa kujificha.

Katika kazi hiyo ya upweke Clemens alikuwa na wachache wa kulinganishwa naye. Alizaliwa mwaka 1962, akaingia katika ligi kuu kwa timu ya Boston mwaka 1984, akaacha kucheza mwaka 2007. Katika misimu hiyo 24 alishinda michezo 354, na aliwatoa wapigaji 4,672 kwa kuwashinda mara tatu. Katika hesabu hii ya pili ni watu wawili tu waliopata kumzidi, Nolan Ryan na Randy Johnson. Kila mwaka mrushaji bora katika kila moja ya ligi mbili hupewa tuzo iitwayo kwa jina la Cy Young, mrushaji wa zamani. Clemens aliipokea mara 7, na hapana mtu mwingine aliyefika hapo. Tarehe 29 Aprili 1986 aliwatoa namna hiyo wapigaji 20 wa Seattle katika mchezo mmoja wa urefu wa kawaida, jambo ambalo halikuwa limefanywa kabla yake. Mzee alikuwapo uwanjani Boston usiku huo, akaniambia viti vingi vilikuwa vitupu, na ya kuwa tangu siku ile amekutana na watu wengi mno wanaodai kuwa walikuwapo. Mwezi wa Septemba 1996 Clemens akalifanya jambo lile lile mara ya pili, dhidi ya Detroit.

Wazee wetu walinena ya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tarehe 13 Desemba 2007 ilitolewa taarifa ya George Mitchell, aliyekuwa seneta, aliyepewa kazi ya kuchunguza habari za dawa za kuongeza nguvu katika besiboli. Taarifa ile iliwataja wachezaji zaidi ya 80, na Clemens alikuwa miongoni mwao. Shahidi alikuwa Brian McNamee, aliyekuwa mkufunzi wake wa mazoezi ya mwili. Alisema kwamba alimdunga sindano za dawa hizo katika miaka ya 1998, 2000 na 2001. Clemens alikana. Mwezi wa Februari 2008 akakana tena, chini ya kiapo, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Agosti 2010 alishitakiwa kwa kulidanganya Bunge hilo. Kesi ya kwanza ilivunjika mwaka 2011 kwa kosa la waendesha mashitaka. Ya pili ilikwisha tarehe 18 Juni 2012, na raia 12 waliokaa kuamua walimwona hana hatia katika mashitaka yote 6.

Sasa na tulitazame Jumba lenyewe. Liko katika mji mdogo wa Cooperstown, kando ya ziwa la Otsego. Lilifunguliwa mwaka 1939, ingawa wateule wake wa kwanza, miongoni mwao Babe Ruth na mrushaji Walter Johnson, walichaguliwa mwaka 1936. Wapiga kura ni waandishi wa habari za mchezo waliotumikia kazi hiyo miaka 10 au zaidi, na mchezaji hana budi kupata kura 75 katika kila 100. Wala hawaagizwi kutazama uwezo wa mikono peke yake. Huagizwa kutazama pia uaminifu wa mtu, uungwana wake mchezoni na tabia yake. Clemens alipolifikia lango hilo kwa mara ya kwanza, Januari 2013, miezi isiyotimia 7 ilikuwa imepita tangu mahakama kumwachilia. Alipata 37.6 kwa 100. Mwaka ule waandishi hawakumchagua mtu ye yote. Walioingizwa mwezi wa Julai walikuwa watu watatu waliochaguliwa na kamati nyingine, nao wote watatu walikwisha fariki zaidi ya miaka 70 nyuma. Jumba lenye wazima wengi wa kuwatukuza likafanya sherehe ya wafu.

Mwaka uliofuata Greg Maddux, mrushaji wa rika lake, aliyeshinda michezo 355, yaani mmoja tu zaidi ya Clemens, alichaguliwa mara ya kwanza jina lake lilipotajwa, kwa kura 97.2 katika 100. Clemens aliendelea kungoja. Jina lake liliwekwa mbele ya waandishi mara 10, kama kanuni ilivyoruhusu. Mara ya mwisho, mwaka 2022, alipata 65.2. Ndipo shauri lake lilipopelekwa kwa kamati ya watu 16. Desemba 2022 hakupata hata kura 4. Desemba 2025 hakufikia 5. Kwa kanuni ya sasa asiyefikia kura 5 hukosa zamu inayofuata, kwa hiyo jina lake haliwezi kurudi mbele ya kamati kabla ya Desemba 2031. Wakati huo atakuwa na umri wa miaka 69.

Mwezi wa Agosti 2013, majuma machache baada ya ile sherehe ya wafu, Mzee alinichukua kwa gari mpaka Cooperstown. Katika ukumbi mmoja mrefu mabamba ya shaba yamepangwa ukutani, kila moja lina uso wa mtu na maneno machache ya matendo yake. Watu hutembea humo kwa sauti ya chini, kama watembeavyo makaburini. Nilidhani Mzee, shabiki wa Boston tangu utoto, atasikitika kutoliona bamba la mtu wake. Nikamwambia, "Mzee, pole kwa Clemens."

Akajibu, "Usinipe pole, Mwalimu. Mimi simtaki humu."

Nilishangaa, nikamkumbusha kuwa mahakama imemwona hana hatia. Akatikisa kichwa. "Mahakama huuliza kama mtu afungwe," akasema. "Nyumba hii huuliza kama mtu atukuzwe. Asiyestahili jela si lazima astahili shaba." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Nilimpenda kuliko utakavyoweza kumpenda wewe. Ndiyo sababu naona uchungu."

Maneno ya mzee yule yalikuwa na uzito, na msomaji mwenye insafu hawezi kuyatupa. Tena yako mazito zaidi ambayo hakuyasema. Dawa za kuongeza nguvu hazimdhulumu mtazamaji tu. Humdhulumu mpigaji aliyetolewa na mkono usio wa asili, na humdhulumu zaidi kijana aliyekataa kudungwa sindano, akapitwa na waliokubali, akarudi kwao bila jina. Mtu huyo hana bamba, hana hesabu, wala hana mwandishi wa kumtetea. Kila tunapomtetea mchezaji mashuhuri, haifai kumsahau yule asiyejulikana aliyekaa nyuma yake gizani. Kama ingethibitika kwamba Clemens alifanya aliyosemwa kuyafanya, ningesimama upande wa Mzee, na ningeona haya kusimama upande mwingine.

Lakini halikuthibitika, na hapa ndipo ninapolazimika kueleza habari yangu.

Miaka michache baada ya kurudi nyumbani niliwekwa katika kamati ya watu watano ya kutoa tuzo ya insha bora kwa wanafunzi. Mwaka mmoja insha moja ilizipita nyingine zote kwa mbali. Lugha yake ilikuwa safi, hoja zake zilishikana kama ukili wa mkeka, na mwandishi alijua mahali pa kunyamaza, jambo ambalo hata walimu wengi hatulijui. Mwandishi huyo alikuwa kijana ambaye kazi zake za nyuma zilikuwa za wastani. Mmoja wetu akasema, "Hii haiwezi kuwa yake." Tulitafuta alikoiba, hatukupaona. Tulitafuta aliyemwandikia, hatukumjua. Kijana mwenyewe hatukumwita kumwuliza. Tulipopiga kura, wawili walitaka apewe tuzo na wawili walitaka anyimwe, ikabaki kura yangu. Nikaukumbuka msemo wa watu, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Nikainua mkono wangu pamoja na waliokataa.

Tuzo alipewa mwingine. Kijana hakulalamika, kwa kuwa hakuambiwa neno. Lakini habari ya namna hiyo humfikia mtu bila ya mjumbe. Hakuleta tena insha katika shindano lo lote. Kila alipokutana nami alisema, "Shikamoo, Mwalimu," nikamwitikia, "Marahaba," akapita kwa adabu ile ile, na adabu yake ilinichoma kuliko tusi. Miaka imepita. Lile lililosemwa kuwa laja, halikuja hata leo.

Sitaki kulinganisha vitu visivyolingana. Kijana yule hakuwa na shahidi wa kumshitaki. Alikuwa na tuhuma tupu, na tuhuma yenyewe ilikuwa ni uzuri wa kazi yake. Clemens alikuwa na shahidi aliyekula kiapo. Hata rafiki yake na mchezaji mwenzake, Andy Pettitte, aliyekiri kutumia dawa mwenyewe, alieleza kwamba Clemens aliwahi kumwambia habari za kuitumia. Ingawa mwaka 2012, mbele ya mahakama, alikubali kuwa huenda alimsikia vibaya. Siwezi kusema kuwa Clemens ni safi. Hilo analijua yeye na Mola wake. Nasema kuwa ushahidi uliokuwapo dhidi yake ulipimwa mbele ya watu, kwa maswali na majibu, na waliopewa kazi ya kuupima hawakuuona unatosha. Baada ya hapo kilichobaki ni neno la watu. Nami najua mizani ya neno la watu, kwa kuwa nimepata kuishika mkononi, nikaona jinsi inavyoelemea upande autakao mwenye kuishika.

Mzee alisema kweli aliposema kutofungwa si kutukuzwa. Heshima haidaiwi kama deni la duka. Lakini fikiri, msomaji: heshima ambayo mtu amekwisha kuifanyia kazi, akainyimwa kwa sababu ya kosa, imekwisha kuwa adhabu, na adhabu haina budi kutanguliwa na hukumu. Tena, hata tukiamua kumhukumu kwa maneno ya shahidi peke yake, hesabu bado inamtetea. Shahidi alianza na mwaka 1998. Basi na tuifute miaka yote kuanzia hapo mpaka mwisho, mibaya na mizuri pamoja. Inabaki misimu 14, na ndani yake michezo 213 aliyoishinda, wapigaji 2,882 aliowatoa, na Tuzo ya Cy Young mara 4. Sandy Koufax, mmoja wa warushaji wanaotajwa kwa taadhima kubwa kuliko wote, aliingia Jumbani mwaka 1972 kwa michezo 165, wapigaji 2,396 na tuzo 3. Nusu ya Clemens isiyotuhumiwa yatosha kufungua mlango.

Na mlango wenyewe, je, umepata kulindwa kwa haki moja siku zote? Cap Anson, aliyekataa kucheza na wachezaji weusi katika karne ya 19, amo humo tangu mwaka 1939. Mrushaji Gaylord Perry alitoa kitabu mwaka 1974 akieleza mwenyewe jinsi alivyokuwa akiupaka mpira vitu vilivyokatazwa ili umdanganye mpigaji. Mwaka 1991 alichaguliwa. Bud Selig, aliyekuwa mkuu wa besiboli katika miaka ile ile ya dawa, wakati upimaji wenye adhabu haukuwapo mpaka ulipoanza mwaka 2004, aliingizwa mwaka 2017. Ikiwa mwenye nyumba aliyelala mlango wazi amevikwa taji, kwa nini anayeshukiwa wizi, na wizi haukuthibitika, awe peke yake wa kusimama nje? Kipimo cha tabia ni kizuri, lakini kipimo kinachotolewa kabatini kwa mmoja na kufichwa kwa mwingine si kipimo tena.

Jumba hilo limepata pia kujisahihisha, na hilo ni la kulisifu. Satchel Paige, mrushaji mweusi aliyezuiwa na ubaguzi asiingie katika ligi kuu mpaka mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 42, aliteuliwa mwaka 1971. Kwanza ilitakiwa yeye na wenzake wa ligi za weusi wawekwe mahali pao peke yao. Watu walipiga kelele, na kabla ya sherehe wakuu wakabadili shauri, akawekwa pamoja na wengine wote. Waliokubali kubadili shauri hawakupungukiwa na kitu. Nyumba yao iliongezeka.

Basi kama ningekuwa na kura ya Cooperstown, ningempa Clemens. Ningempa bila ya furaha, na bila ya kumwita mtu mwema, maana sikuombwa kumfanya walii. Ningetaka bamba lake liseme yote: kwamba alishinda michezo 354, kwamba alituhumiwa na mtu wa karibu naye, kwamba alikana, kwamba mahakama ilimwona hana hatia, na kwamba wengi hawakumwamini. Atakayesoma maneno hayo atakuwa amepata historia nzima ya zama zile katika mistari mitano, na atajiamulia mwenyewe kama ampe heshima au ampe sifa peke yake. Ukuta mtupu haumfundishi mtu kitu.

Nilimwandikia Mzee mawazo haya zamani, akanijibu kwa kirefu, hakukubali hata moja, nami nampenda vivyo hivyo. Mwaka jana niliandika barua nyingine, kwa kijana yule wa insha, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake. Nilimweleza ya kuwa kura ya mwisho ilikuwa yangu, na ya kuwa siku ile sikuwa na ushahidi wo wote ila mashaka ya wenzangu na woga wangu wa kuonekana mjinga. Hajanijibu, wala sina dai kwake.

Clemens si mnyonge wa mali wala wa jina, lakini mbele ya mlango uliofungwa kila mtu ni mnyonge. Na wahenga wamekwisha kutuagiza: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Watu wa Cooperstown bado wanayo nafasi ya kulitimiza agizo hilo. Mimi nilikuwa nayo kwa dakika moja, mkono wangu ukiwa juu ya meza, nikaitumia vibaya.